Vitabu vya Mukhtasari: Faida Yake, Mpaka Wake, na Namna ya Kuvisoma

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake.

Ama baada ya hayo: ndugu zetu Waislamu, katika darasa letu hatuachi kuulizwa masuali mawili. Mmoja husema: "Mimi nimekwisha hitimu Safina, na sala yangu naijua, nina haja gani ya kusoma zaidi?" Wa pili husema: "Kwa nini tupoteze umri wetu kwa Safina na Minhaji, na hali Kurani na Hadithi zimo mikononi mwetu?" Wa kwanza adhani kuwa kitabu kidogo chamtosha, na wa pili adhani kuwa kitabu kidogo hakina kazi. Masuali haya yaonekana kama yapigana, lakini asili yake ni moja, nayo ni kutojua kitabu cha mukhtasari ni kitu gani, kiliandikwa kwa ajili gani, na mwandishi wake alitaka kisomwe vipi. Hayo ndiyo tutakayoyaeleza katika somo hili, kwa taufiki ya Mwenyezi Mungu.

MAANA YA MUKHTASARI

Mukhtasari ni kitabu kilichokusanya mambo mengi ya ilimu moja kwa maneno machache. Maneno yake yenyewe huitwa matni. Atakapokuja mwanachuoni mwengine akayafafanua, kitabu chake huitwa sharhi. Na akija wa tatu akaandika maelezo juu ya ile sharhi, huitwa hashiya. Basi ilimu yetu hii imekuwa ikikunjwa na kukunjuliwa kwa zaidi ya miaka elfu: huyu akusanya, yule afupisha, na mwengine aja kueleza kile kilichofupishwa.

Wala wasifikiri watu kuwa kufupisha ni kazi ya wavivu. Mwenye kufupisha sharti akijue kitabu chote, ajue lipi ni shina na lipi ni tawi, kisha achague neno moja litakalosimama mahali pa maneno ishirini. Mtu asiyekuwa na ilimu hufupisha kwa kukata. Mwenye ilimu hufupisha kwa kukunja, na kilichokunjwa huweza kukunjuliwa.

SILSILA YA VITABU VYETU

Sisi watu wa pwani hii wengi wetu ni Mashafii, basi na tutazame vitabu vya madhehebu yetu. Imam Shafii alizaliwa mwaka 150 wa Hijra na akafa Misri mwaka 204, yaani 820 wa Miladi. Katika maneno yake mengi kuna kitabu kikubwa kiitwacho Al-Umm. Mwanafunzi wake Al-Muzani, aliyekufa mwaka 264 (878), aliikusanya ilimu ya ustadhi wake katika kitabu kifupi kijulikanacho kama Mukhtasari wa Muzani. Hicho ndicho mama wa mukhtasari zote za Kishafii zilizokuja baadaye.

Na tazama, ewe msomaji, Al-Muzani alilolitanguliza mwanzoni mwa kitabu chake. Alisema kwamba amefupisha ilimu ya Shafii ili kumkurubishia mwenye kuitaka, na papo hapo akamjulisha msomaji kuwa Shafii mwenyewe amekataza watu wasimfuate yeye wala mwengine kwa upofu, bali kila mtu aiangalie dini yake na ajihadhari kwa nafsi yake. Neno hili limo mlangoni mwa mukhtasari huo. Mwenye kufupisha ndiye aliyekuwa wa mwanzo kuonya kuwa muhtasari wake usifanywe mwisho wa ilimu. Ingelikuwa watu wamelishika neno hili, ugomvi mwingi wa misikitini usingalikuwapo.

Baada yake akaja Imamul Haramaini Al-Juwaini (aliyekufa 478, yaani 1085), akaueleza Mukhtasari wa Muzani kwa kitabu kirefu mno kiitwacho Nihayatul Matlab. Mwanafunzi wake, Imam Ghazali (aliyekufa 505, yaani 1111), akaandika vitabu vitatu vya fikihi kwa vipimo vitatu: Al-Basiti, nacho ni kikubwa, Al-Wasiti, nacho ni cha kati, na Al-Wajizi, nacho ni kifupi. Mtu mmoja, ilimu moja, vitabu vitatu! Hii yatosha kutufahamisha kuwa ukubwa na udogo wa kitabu hufuata daraja ya msomaji. Kifupi si badala ya kirefu. Kila kimoja kina mtu wake na wakati wake.

Kisha Imam Rafii (aliyekufa 623, yaani 1226) akaisherehesha Al-Wajizi kwa kitabu kikubwa, akaandika na kitabu kingine kiitwacho Al-Muharrari. Akaja Imam Nawawi (aliyekufa 676, yaani 1277) akaona Al-Muharrari ni kizuri sana, lakini ukubwa wake wawashinda wengi wa zama zake kukihifadhi. Akakifupisha kikawa kiasi cha nusu yake, na hicho ndicho kitabu maarufu cha Minhaji. Halafu Sheikhul Islami Zakariya Al-Ansari (aliyekufa 926, yaani 1520) akaifupisha Minhaji akaiita Manhaji. Na baadaye Al-Jauhari akaifupisha Manhaji akaiita Nahji. Hata majina nayo yamekuwa yakipungua herufi kila kitabu kinapopungua kurasa!

Ama Safina, wanayoianza watoto wetu vyuoni, ni matni ndogo kupita hizo. Mtungaji wake ni Sheikh Salim bin Sumeri, Mhadhrami aliyekufa Batavia mwaka 1271 (1855). Ni kitabu chenye baraka, na maelfu ya watu wamejua kutawadha na kusali kwa sababu yake. Lakini yataka tujue mahali pake katika silsila hii ndefu. Ni ukingo wa bahari. Hapo mtoto hufunzwa kuogelea, wala hatuwezi kusema kuwa maji ya ukingoni ndiyo bahari yote.

MFANO MMOJA: KUGUSANA KWA MWANAMUME NA MWANAMKE

Maneno haya hayatafahamika vizuri bila ya mfano. Na tuchukue mas-ala ambayo kila mmoja wetu ayajua.

Safina yasema kuwa vinavyovunja udhu ni vinne, na kimoja ni kukutana ngozi ya mwanamume na ngozi ya mwanamke, wote wawili wakiwa wakubwa na si maharimu, bila ya kizuizi baina yao. Basi. Hukumu imetajwa, sharti zake zimetajwa, na mtoto ahifadhi. Lakini msomaji wa Safina hawezi kujua kama kuna hitilafu yoyote katika jambo hili, wala dalili yake ni ipi. Safina haikudanganya, imenyamaza tu, kwani haikuandikwa kwa kazi hiyo.

Sasa panda ngazi moja uende kwenye Minhaji. Nawawi ataja kuwa kugusana huku kwavunja udhu, na maharimu atoka katika hukumu hiyo. Lakini hapo atia neno moja: "adhhar". Kisha asema kuwa aliyeguswa ni sawa na aliyegusa. Na hapo tena atia neno "adhhar". Halafu asema kuwa haivunji udhu kumgusa mtoto mdogo, wala nywele, wala jino, wala ukucha; na hapa neno lake ni jengine, "asahh". Asiyefunzwa huyapita maneno haya kama mtu apitaye mlango uliofungwa, asijue ndani mna nini. Basi na tuyafungue.

Nawawi mwenyewe ameeleza katika utangulizi wake istilahi hizi:

Kwanza, akisema "adhhar", maana yake ni kuwa Imam Shafii mwenyewe ana kauli mbili au zaidi, na hitilafu yake ni ya nguvu, na hii ndiyo iliyo na nguvu zaidi. Hitilafu ikiwa dhaifu husema "mash-huri".

Pili, akisema "asahh", hitilafu si ya Imam, bali ni ya wafuasi wake wakubwa walioitoa hukumu kwa misingi yake, na hitilafu hiyo ni ya nguvu. Ikiwa dhaifu husema "swahihi".

Tatu, akisema "jadidi", ni kauli ya Shafii aliyoisema Misri. Na "kadimu" ni ile aliyoisema Iraki kabla yake.

Nne, mambo aliyoyazidisha yeye Nawawi juu ya Al-Muharrari, huyaanza kwa neno "nimesema" na kuyakhitimisha kwa "na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi", ili maneno yake yasichanganyike na ya Rafii.

Angalieni amana ya mwanachuoni huyu! Amekikata kitabu nusu, wala hakuificha hitilafu, ameiwekea alama. Neno "adhhar" pale penye aliyeguswa latuambia kuwa Imam Shafii ana kauli nyengine ya nguvu, nayo ni kuwa aliyeguswa haukuvunjika udhu wake. Herufi chache, na ndani yake mna nafasi kubwa kwa waja wa Mwenyezi Mungu.

Panda tena ngazi, uende kwenye vitabu virefu kama Al-Majmuu ya huyo huyo Nawawi. Huko utakuta madhehebu mengine na dalili zao. Imam Abu Hanifa asema kuwa kugusa tu hakuvunji udhu. Imam Malik asema kwavunja kukiwa na matamanio. Na asili ya hitilafu ni neno la Kurani katika aya ya tayammamu, lenye maana ya "kuwagusa wanawake": Ibnu Umar na Ibnu Masuudi walilichukua kwa maana ya kugusa kwa mkono, na Ibnu Abbas akalichukua kuwa ni kinaya cha kuingiliana. Tena kuna hadithi ya Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amuwiye radhi, iliyomo katika Bukhari na Muslim: alikuwa akilala mbele ya Mtume naye anasali usiku, na anapotaka kusujudu humgusa, naye huikunja miguu yake. Wasiosema kuvunjika waishika hadithi hii. Na Mashafii hujibu kuwa huenda palikuwa na nguo baina ya mkono na mguu. Kila upande una hoja, na kila upande una watu wakubwa.

Basi, ndugu msomaji, umeona: mstari mmoja wa Safina, maneno mawili matatu ya Minhaji, na kurasa kadhaa za Al-Majmuu, nayo ni mas-ala yale yale.

NI NINI HASARA YA KUSIMAMA KATIKA NGAZI YA KWANZA?

Watu huweza kusema: "Haya ni mambo ya wanavyuoni, sisi yatuhusu nini?" Twajibu: yawahusu sana, na hasara yake twaiona kwa macho.

Mtu wa pwani aenda Hija. Ndani ya matafu watu wamesongamana, wanaume kwa wanawake, na hana njia ya kujizuia asiguswe mkono. Yeye hakusoma ila Safina. Kila akiguswa atoka kwenda kutawadha, arudi, aguswe tena. Huenda akawa ni mzee mgonjwa. Ibada aliyoiwekea akiba miaka yamgeukia dhiki na wasiwasi. Lau angalisoma maana ya neno "adhhar", au angalimuuliza mwenye kujua kabla ya kusafiri, angalijua kuwa katika madhehebu yake mwenyewe kuna kauli ya nguvu kwa aliyeguswa, na kuwa maimamu wengine nao wana kauli zao, zenye sharti zake, ambazo wanavyuoni wa Kishafii wengi wameruhusu kuzifuata wakati wa dhiki.

Mwengine aingia msikiti wa ndugu zetu Mahanafi hapa hapa Mombasa. Amemwona imamu njiani amepeana kitu na mwanamke, mikono ikagusana, kisha akaenda kusalisha. Huyu atoka katika safu, asali peke yake, na akifika barazani atangaza kuwa sala ya wale wote ni batili. Fitina imeingia baina ya Waislamu; na si kwa sababu amesoma Safina, bali ni kwa kuwa amedhani kuwa kila ambacho Safina haikukitaja hakipo duniani. Kunyamaza kwa kitabu kidogo amekufanya ni ijmai ya umma.

Na watu wa mbali nao walitumbukia katika kosa hili. Van den Berg, Mholanzi, aliifasiri Minhaji kwa Kifaransa, ikapigwa chapa Batavia baina ya 1882 na 1884. Mwaka 1914 Howard akaifasiri kwa Kiingereza, wala hakuichukua kutoka Kiarabu, bali kutoka kile Kifaransa. Tafsiri hiyo ndiyo iliyokuwa ikishikwa na mahakimu wa Kizungu wa huku kwetu walipotaka kuijua sheria ya Kiislamu. Fikirini: kitabu kilichofupishwa, kikafasiriwa, na tafsiri ikafasiriwa, kisha kikawekwa mbele ya mtu asiyejua Kiarabu wala hana sharhi, akate kwacho haki za wajane na mayatima! Kitabu hakina lawama. Lawama ni ya kukitenga na wenye kukijua.

Ibnu Khalduni naye, katika Mukaddima yake aliyoiandika mwaka 779 (1377), aliweka mlango mzima wa kuwalaumu wanaozidisha mukhtasari katika ilimu. Hoja yake ni kuwa maana nyingi zikisongwa katika maneno machache, mwanafunzi hupoteza umri wake akifumbua maneno badala ya kuifahamu ilimu yenyewe, na asipate umahiri upatikanao kwa vitabu virefu vyenye kukariri na kueleza. Lawama hii ni ya haki kwa anayehifadhi matni asiifahamu.

WALE WANAOVITUPA

Sasa twarudi kwa ndugu yetu wa pili, asemaye kuwa hana haja na vitabu hivi. Nia yake yaweza kuwa njema, kwani kurejea kwenye Kurani na Hadithi ndiko tunakokuita sisi sote. Lakini twamuuliza: ile hadithi ya Bibi Aisha umeijua, je, umejua jinsi waliokuhalifu walivyoijibu? Na ile aya umeisoma. Je, umejua masahaba walihitilafiana vipi katika neno lake moja? Ikiwa hukujua, basi na wewe umeshika mukhtasari, na mukhtasari wako ni mbaya zaidi: ni hadithi moja iliyong'olewa mahali pake, isiyokuwa na alama ya kukuonyesha kilichoachwa. Aliyesimama kwenye mstari mmoja wa Safina na aliyesimama kwenye hadithi moja ya tafsiri, wote wawili wamesimama ngazi ya kwanza.

Na katika zama zetu hizi pana jambo jipya. Mtu huitoa simu yake mfukoni, akauliza mas-ala ya talaka au ya mirathi, na papo hapo akapata jibu la mistari miwili. Simu ni nyenzo yenye faida. Ndani yake waweza kukisoma Al-Umm chote, kitabu ambacho babu zetu wengi walikisikia jina tu. Lakini lile jibu la mistari miwili ni mukhtasari usiojulikana mwandishi wake. Nawawi alikwambia amekifupisha kitabu gani, na akakuwekea alama kila alipoacha kauli. Jibu lile halikwambii limetoka wapi, limeacha nini, wala ni la madhehebu gani. Mwanamke aliyeambiwa na simu kuwa ameachika, au kuwa hana fungu katika mali ya marehemu, na asiende kwa kadhi wala kwa mwenye ilimu, amejidhulumu, na huenda akawadhulumu na watoto wake.

NAMNA YA KUZISOMA

Kwa hivyo twawausia ndugu zetu mambo matano:

1. Anza na kitabu kidogo, wala usikidharau. Haba na haba hujaza kibaba. Asiyejua nguzo za udhu kwa mpango hawezi kufaidika na hitilafu za maimamu.

2. Kisome kwa mwalimu. Matni iliandikwa ili mwalimu aikunjue. Kuihifadhi bila ya kufafanuliwa ni kama kupewa kasha na kunyimwa ufunguo.

3. Soma utangulizi wa kitabu kabla ya milango yake. Humo ndimo mwandishi anamosema amefupisha nini, na istilahi zake ni zipi. Wengi hurukia mlango wa tohara, na ule ufunguo wameuacha nyuma.

4. Kila ukimaliza kitabu, panda kingine. Ukitoka Safina, nenda kwa Abu Shujaa pamoja na sharhi yake Fat'hul Karibu. Kisha Minhaji pamoja na sharhi zake. Na katika kila mas-ala makubwa uliza dalili yake katika Kurani na Hadithi. Asiyeweza kupanda kwa sababu ya kazi zake, na awaulize wanaojua, kama alivyoamrisha Mwenyezi Mungu, na katika kuuliza, aulize pia: "Je, pana kauli nyengine?"

5. Usimhukumu Mwislamu mwenzio kwa kitabu chako kidogo. Ukimwona atenda usilolisoma, sema: "Huenda liko katika kitabu nisichokifikia," kisha utafute.

MASUALI YA KUDURUSU

Wanafunzi wetu na wajibu haya kabla ya darasa lijalo:

Kwanza: Ni onyo gani alilolitanguliza Al-Muzani katika Mukhtasari wake?
Pili: Ni ipi tofauti ya "adhhar" na "asahh" katika Minhaji?
Tatu: Mas-ala ya aliyeguswa yametajwa vipi katika Minhaji, na alama iliyowekwa hapo yatujulisha nini?
Nne: Chukua jambo jengine moja katika vinne vinavyovunja udhu, ulitafute katika Safina, kisha katika Minhaji, kisha katika sharhi moja, uje utueleze kila ngazi imezidisha nini.

Suali hili la nne ndilo lenye faida kubwa kuliko yote, kwani atakayelifanya kwa jambo moja atajua njia ya kulifanya kwa mia.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu walioikusanya ilimu na wakaifupisha kwa ajili yetu, na atujaalie tuwe wenye kuikunjua kwa haki, si wenye kuipigania kwa ujinga. Wabillahi taufiki.